Mlio Mmoja Mfupi

Fundi Subiri hakufungua kompyuta ya mtu kabla ya kuisikiliza. Alikuwa akifika na mkoba wake wa ngozi uliochubuka pembe, anauweka sakafuni, anavuta kiti, anakaa. Mtu akinyoosha mkono kutaka kubonyeza kitu, anamzuia: "Subiri. Subiri kwanza." Hapo ndipo jina lilipotoka. Jina lake la nyumbani nililiona mara moja tu, kwenye karatasi ya mkataba wake, na hata nikilitaja hapa, watu wa zahanati yetu hawatajua ninamsema nani.

Mimi ni mfanya usafi hapo zahanati. Naingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, napiga deki ukumbi wa wagonjwa, kisha chumba cha sindano, namaliza na chumba cha kadi. Siku zile nilikuwa nikifanya kazi na mwanangu mgongoni. Alikuwa na miezi saba. Mama yangu ndiye anayenilelea, ila asubuhi ana shughuli zake, hunipokea mtoto saa tano. Mtoto alizaliwa mdogo sana, shangazi yake akamtazama akasema hiki si kichanga, ni kifungo cha shati. Basi akawa Kifungo, nami nikawa Mama Kifungo hata kwa watu wasiojua habari ya shati.

Chumba cha kadi kina rafu nne zinazofika karibu na dari, na kadi za wagonjwa zimejaa humo kwa namba. Namba ya kila mtu iko kwenye kompyuta moja. Unafika dirishani, unataja jina, karani analiandika, kompyuta inamwambia rafu ipi na namba ngapi, kadi inatoka, unaenda kukaa kwenye benchi. Kompyuta ikikataa kuwaka, karani anabaki na watu sitini na majina sitini, na rafu zinamtazama tu.

Karani tulimwita Dada Kadi. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika barabarani, na mzaha haumwishi hata akiwa na homa. Kompyuta aliipa jina la Bibi, kwa kuwa ilikuwa nyeupe ikageuka njano, na ikiwashwa huguna kama mtu anayenyanyuka kwenye kigoda. Kila asubuhi Dada Kadi alibonyeza swichi akasema, "Shikamoo Bibi." Feni inazunguka, inaguna, halafu inalia *pi!* moja fupi. Dada Kadi anajiitikia mwenyewe kwa sauti ya kizee, "Marahaba mjukuu wangu." Watu wa foleni wanacheka, hata wanaoumwa. Hiyo pi moja fupi ndiyo iliyokuwa dalili ya uzima. Fundi alitufundisha hivyo tangu zamani: kompyuta ya namna hii, ikiamka, hujikagua yenyewe kwanza, na ikiona kasoro hulia kwa hesabu. Kila hesabu na ugonjwa wake.

Mara ya kwanza kumwona akifanya kazi, Bibi alikuwa amewaka bila picha. Fundi akakaa, akauliza, "Jana ilikuwaje?" Dada Kadi akamweleza kirefu. Fundi akaitikia kwa kichwa. Akaomba kimya. Mimi nilikuwa kwenye kona nafuta vumbi, nikasimama.

Akabonyeza. Ajabu ni kwamba hakuitazama mashine. Alinitazama mimi.

Nikaona aibu, mke wa mtu, natazamwa vile na mtu wa umri wa baba yangu. Nikasogea nyuma ya rafu. Akasogeza kiti.

"Mama Kifungo, rudi pale ulipokuwa," akasema. "Unanikingia mwanga."

Mwanga ulikuwa unaingia dirishani, upande mwingine kabisa. Lakini mkubwa akishasema, nikarudi. Akazima, akawasha tena. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu, kisha mifupi mitatu. Macho ya fundi yalikuwa juu kidogo ya bega langu.

"Mmoja mrefu, mitatu mifupi," akasema. "Kadi ya picha imelegea."

Akafungua, akachomoa kipande kimoja, akakirudisha kwa kukikandamiza na kidole gumba. Picha ikaja. Dada Kadi akapiga vigelegele, na muuguzi mmoja akatoka mbio chumba cha sindano akidhani mtu amejifungua.

Mara ya pili, miezi miwili baadaye, Bibi alilia milio mirefu mfululizo. Fundi tena akaniweka palepale, "Simama hapo, mwanangu, usitikisike." Safari hii niligeuza shingo polepole nimwone Kifungo. Alikuwa amekodoa macho kuelekea kwenye mashine, na kila mlio ulipotoka, alipepesa. Mlio mmoja, kope mara moja. Mlio ukiwa mrefu, alikunja uso mpaka uishe. Fundi alikuwa akihesabu kope za mwanangu.

Akatoa vijiti vya kumbukumbu ya mashine, akavisugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, ule wa rangi ya waridi wanaoutumia watoto wa shule, akavirudisha. Bibi akaamka.

Kuanzia hapo nikawa namtazama. Sikumtazama kwa ubaya. Mtu anayefagia huona mengi kwa sababu hakuna anayemwona yeye. Nikaona kwamba humjibu Dada Kadi akiwa amemwelekea tu. Siku moja trei ya chuma ilianguka nyuma yake, ukumbi mzima ukaruka, yeye akaendelea kukaza skrubu. Simu yake haikuita kamwe, ilikuwa ikitetemeka mfukoni, naye akiitazama anasema, "Nitapiga baadaye," wala hapigi. Na kila alipouliza, "Jana ilikuwaje?" aliitikia kwa kichwa akisema, "Sawa, sawa," hata mtu akimjibu akiwa nyuma ya rafu.

Sikumwambia mtu. Siri ya mtu ni kama nguo yake ya ndani kwenye kamba. Ukipita ukaiona, unageuza macho unaendelea na safari.

Nadhani naye alijua kwamba najua. Siku moja aliniletea feni ndogo aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa, ameipangusa vizuri, pembe zake amezisugua zisimkwaruze mtoto. Ukiipuliza inazunguka. Akampulizia Kifungo, Kifungo akacheka kile kicheko cha tumboni. Fundi akatazama mdomo wake ukicheka, naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo.

Siku hiyo alinisimulia maisha yake huku akikunja nyaya, nami nikawa namjibu kwa kichwa. Alianza na mashine za kupiga chapa, zile za herufi za chuma. Alikuwa anapita kwenye korido ya ofisi, anasikia mashine ndani ya chumba, anagonga mlango na kusema, "Herufi yako ya *e* inakwama." Watu walidhani ni mganga. Baadaye zikaja redio, halafu kompyuta, zote akazijua kwa sikio.

"Na nyumbani mama hajambo?" nikamuuliza, nimemwelekea.

"Hajambo, amenuna. Anasema nimekuwa na kiburi uzeeni. Ananiita, siitiki." Akafunga mkoba. "Acha aseme kiburi. Kiburi si ugonjwa."

Nikaelewa alichokichagua.

Basi ikaja habari ya soketi. Kwenye duka moja jirani, waya ulishika moto usiku ukaunguza rafu ya vitambaa. Daktari wetu mkuu ni mtu wa maneno machache na shati lililonyooka. Asubuhi yake alituita akasema, "Kuanzia leo, jioni kila kitu kinachomolewa ukutani. Si kuzima tu. Kuchomoa." Kazi hiyo ikawa yangu. Jioni nachomoa jagi la kuchemshia maji, feni, Bibi. Asubuhi nikimaliza deki, saa moja, nachomeka.

Haikupita wiki Bibi akaanza kugoma. Dada Kadi anabonyeza, "Shikamoo Bibi," feni inazunguka robo mzunguko, inasimama. Hakuna picha, hakuna kitu. Anabonyeza tena. Mara kumi, mara ishirini. Foleni inafika mlangoni.

"Leo Bibi ameamkia upande wa kushoto," akawa anasema siku ya kwanza. Siku ya tatu hakuwa na mzaha tena. Alikuwa juu ya ngazi anapekua rafu, jasho linamtiririka, na mzee mmoja dirishani anamwelekeza, "Kadi yangu ina doa la chai, binti, tafuta doa la chai."

Fundi alikuwa na ofisi nyingine za kuzunguka, kwetu anafika kwenye saa nne na nusu. Anakaa, anauliza, anabonyeza. Bibi anawaka mara ya kwanza, pi, kama hakuna lililotokea.

"Anatuaibisha huyu!" Dada Kadi akalia. "Kama mtoto anayeharisha usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anacheza!"

Fundi akasugua meno ya vijiti, akabadilisha waya, akabadilisha hata betri ndogo ya saa. Kesho yake asubuhi, mgomo. Saa nne na nusu, mzima. Siku nne mfululizo.

Siku ile ya kwanza kabisa, fundi alipouliza "Jana ilikuwaje?", mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza nakusanya takataka. Nikasema, "Fundi, siku hizi mimi huichomoa jioni." Akasema, "Sawa, sawa." Nikaona amesikia, au nilitaka kuona hivyo. Baadaye, kitandani, nikawaza kwamba nilisema nikiwa nimeinama, na yeye mgongo kwangu. Kulirudia ilibidi nimwendee mbele, nimwambie polepole kama mtoto, watu wakitazama. Nikajiambia neno lenyewe si zito. Waya ni waya, ukichomekwa umechomekwa. Nikanyamaza.

Siku ya tano daktari alikuja chumba cha kadi. Fundi alikuwa ameinama kwenye mashine, Dada Kadi anatoa kadi kwa kasi kwa kuwa Bibi ameshawaka.

"Mzee wangu," daktari akasema. Fundi hakugeuka. Akamgusa bega. Fundi akasimama.

"Mzee wangu, mkataba wako unaisha mwezi huu, na Ijumaa mchana ninapeleka barua makao makuu. Kuna kampuni inataka kazi hii. Wanaleta mashine mpya, wanaleta na mafundi wao. Mimi nimekutetea miaka yote. Lakini nitaandika nini? Kwamba kila siku fundi anakuja, kila siku mashine inagoma?"

Fundi alikuwa akitazama mdomo wake bila kupepesa.

"Ijumaa asubuhi," daktari akasema, "iwake mbele yangu, mara ya kwanza. Ikiwaka, naandika wewe uendelee. Isipowaka, naandika kampuni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

Daktari alipotoka, fundi alikaa kwenye kiti muda mrefu mikono imelala mapajani. Ile ilikuwa Jumatano. Zahanati yetu haikuwa na malipo makubwa, ofisi nyingine zilimlipa zaidi. Lakini wale wengine walikuwa wakimwita kwa simu, na kwa simu alishakwisha. Kwetu ndiko alikokuwa akija mwenyewe, siku zake maalumu, bila kuitwa. Wale nao walikuwa wakimwacha mmoja mmoja; akitoka kwetu, muda si mrefu angekosa pa kwenda na ule mkoba.

Akaniambia, "Kesho nakuja saa moja. Nataka niikute kitandani, kabla haijaamka."

Alhamisi nilikuta yuko mlangoni, mkoba miguuni. Nikapiga deki, nikachomeka waya, yeye anatazama mikono yangu lakini kama mtu anayetazama mvua. Dada Kadi akaingia, ana mkate mkononi. Daktari naye akapita akielekea ofisini, akaona mkusanyiko, akasimama mlangoni.

"Kimya basi," fundi akasema. "Mama Kifungo, pale."

Nikasimama pale. Kifungo alikuwa macho, anatafuna pembe ya kanga yangu. Fundi akabonyeza. Feni ikazunguka robo, ikasimama.

Macho yake juu ya bega langu.

Akabonyeza tena. Robo, kimya. Tena.

Mimi nilikuwa nasikia kila kitu, yaani nilikuwa nasikia kwamba hakuna kitu. Lakini nikaona uso wa fundi unabadilika, nikaelewa kilichomkwama. Mwanangu sasa alikuwa na miezi zaidi ya kumi. Kila asubuhi ya maisha yake aliamkia kwenye ile pi. Alishaizoea kama anavyozoea mtoto wa jirani wa kinu kelele za kinu. Wiki ile nzima Bibi alipolia saa nne na nusu, mtoto hakupepesa hata kope, nami niliona na sikulitilia maanani. Basi fundi angejuaje? Mashine haikulia, au imelia na mtoto amechoka nayo? Kwake hayo mawili yalikuwa ni tiba mbili tofauti. Ikilia, ugonjwa uko kwenye vipande vya ndani. Isipolia kabisa, haijafika hata kujikagua. Umeme wenyewe haujaifikia.

Alisimamisha kidole juu ya swichi. Dada Kadi aliacha kutafuna. Nje mtu alikuwa akikohoa.

Ningeweza kutikisa kichwa kidogo. Daktari alikuwa nyuma yangu, asingeona. Kichwa changu kilianza kwenda, nacho kikasimama, kwa sababu fundi alikuwa ameshateremsha macho kutoka kwa mtoto, amenitazama mimi.

"Mama Kifungo," akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Imelia, au haikulia?"

"Haikulia, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Daktari akaingia ndani hatua moja. "Fundi, kwani wewe hukusikia?"

Fundi hakujibu, maana daktari alikuwa kando yake. Nikamwonyesha kwa mkono. Akageuka, na daktari akarudia.

"Sisikii, daktari," akasema. "Huu mwaka wa pili. Sauti nene bado zinanifikia, zikiwa mbele yangu. Nyembamba ziliondoka moja moja, kama wageni. Hiyo ya kompyuta iliondoka ya kwanza."

Dada Kadi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Na mimi nikidhani unanidharau! Miaka miwili nakutania, hucheki!" Akajipiga paja. "Mficha uchi hazai, baba. Tena unafichia zahanati! Ungeenda kuficha kwa fundi viatu!"

Fundi alikuwa akimtazama mdomo mpaka mwisho. Akacheka. Hakuchelewa sana.

Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Alibeba kiti, akakigeuza, mashine akaipa mgongo, akakaa ametuelekea sisi.

"Sasa nauliza upya," akasema. "Jana jioni ilikuwaje? Mmoja mmoja. Na mnisemee usoni."

Dada Kadi akasema: niliizima saa kumi, ilikuwa nzima. Ikafika zamu yangu. Nikachuchumaa mbele yake ili midomo yangu iwe kwenye mwanga.

"Mimi huichomoa ukutani. Kila jioni. Asubuhi naichomeka."

"Tangu lini?"

"Tangu duka la vitambaa liungue."

Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Siku ya kwanza kabisa. Nilikuwa chini ya meza."

"Nikasemaje?"

"Ukasema, sawa, sawa."

Alifunga macho kidogo. Mimi nikatazama sakafu niliyotoka kuipiga deki, na sikuona haya kwa ajili yake peke yake. Neno lile nilikuwa nalo mdomoni wiki nzima, nikalimeza nikijiita mwenye heshima.

Alipoinuka, mikono yake ilikuwa na haraka. Hakugusa vijiti wala kadi ya picha. Alitoa lile boksi la chuma la nyuma, linalopokea waya wa ukutani, akalifungua juu ya gazeti. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi na vikopo vidogo vya umeme, vimesimama kama vijana wa gwaride. Viwili vilikuwa vimevimba vichwa.

"Ndio hawa," akasema. Akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi, hata daktari akainama. "Mashine ikizimwa lakini waya uko ukutani, humu ndani linabaki joto dogo, kama kaa moja chini ya jivu. Vikopo hivi vimezeeka, lakini kwa joto lile vilikuwa vinajikongoja. Ukichomoa, usiku vinapoa kabisa. Asubuhi haviamki. Karani anabonyeza mara ishirini, saa zinakwenda, vinapata joto. Mimi nafika saa nne na nusu, nakuta mgonjwa ameshakunywa uji."

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiharibu?" nikauliza.

"Wewe umeipima. Vikopo vilishakufa zamani, vilikuwa havijaambiwa."

Akatafuta vikopo vingine kwenye mabaki ya mashine aliyokuwa nayo mkobani, akavilinganisha namba, akavichomelea. Chumba kikanuka risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka, nikamtoa Kifungo nje. Saa tatu Bibi alikuwa amerudi mezani, lakini fundi hakukubali kwamba amepona.

"Nani hawaki saa tatu?" akasema. "Jioni ichomoe kama kawaida. Usiihurumie."

Usiku ule sikulala vizuri. Niliamka mara mbili kumnyonyesha, na mara zote mbili niliwaza juu ya ule waya umelala sakafuni.

Ijumaa saa moja nilichomeka. Daktari alikuwa amesimama, kalamu mfukoni. Dada Kadi hakuwa na mkate. Fundi alikaa kwenye kiti, ametuelekea sisi, mashine nyuma yake. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akabonyeza.

Feni ikazunguka robo. Ikazunguka nusu. Ikaguna ule mguno wa kigoda. *Pi.*

Kifungo hakupepesa. Fundi alikuwa anatutazama sisi wakubwa, uso kwa uso, anasubiri.

Dada Kadi akafungua mdomo aseme kwa sauti ya kizee, sauti ikamkataa. Akalisema kwa midomo tu: Marahaba, mjukuu wangu. Kwa fundi ilikuwa ni sawasawa.

Daktari aliandika barua yake siku ileile, nami nilikuwa nafuta meza yake alipokuwa akimsomea fundi, ana kwa ana. Hakuficha. Aliandika kwamba fundi hasikii sauti nyembamba, na kwamba ndiye aliyeugundua ugonjwa wa mashine. Mkataba uliongezwa mwaka mmoja. Ule wa zamani ulikuwa wa miaka mitatu. Fundi alisema mwaka ni mwaka.

Kisha daktari akasema, "Sasa kalete kadi yako."

Hakuwa nayo. Miaka yote ile anaingia chumba cha kadi, hakuwahi kuwa na kadi. Dada Kadi akamwandikisha kwenye Bibi, akampa namba, akamwambia akakae kwenye benchi kama watu wengine. Alipotoka kwa daktari nikamuuliza amesemaje.

"Amechungulia na kitochi. Anasema nusu ni nta, nusu ni umri. Nta ameitoa." Akajishika sikio. "Umri amesema hana mkasi wake."

Sauti nene zikamrudia kidogo. Ile pi haikurudi. Nyumbani alimweleza mkewe, na mkewe, alivyotusimulia, akasema, "Kumbe miaka miwili nimenuna bure," akaenda kuwasha jiko.

Siku hizi pembeni ya Bibi kuna daftari lililofungwa kwa uzi. Lilikuwa wazo la fundi, ila alinipa mimi niwe mwandishi, kwa sababu mimi ndiye ninayemlaza Bibi na ndiye ninayemwamsha. Nilimwambia elimu yangu iliishia darasa la saba. Akasema hataki insha, anataka nilichokiona na nilichokisikia. Kifungo sasa anabaki kwa bibi yake kuanzia alfajiri, ameanza kutembea na hawezekani karibu na ndoo.

Wiki ya kwanza niliandika hivi: "Jioni nimechomoa. Asubuhi nimechomeka saa moja. Imewaka mara ya kwanza. Imelia mara moja."

Fundi alivaa miwani, akasoma, akasoma tena. Akachukua kalamu, akaandika chini yake: "Mfupi au mrefu?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, ningeweza kumwambia. Lakini alinisogezea daftari, nikaandika: "Mfupi."

Akatia sahihi, akafunga mkoba, akaenda.